Kusubiri Jua Lizame

Marlys alikuwa amechoshwa na Verlin tangu asubuhi. Huu ulikuwa uwanja wa tatu wa besiboli walioukagua siku hiyo, na kesho kamati ya mji wao ingepiga kura: wajenge uwanja mpya, au ligi iwanyang'anye timu. Wajumbe wengine walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Kura ya Verlin, muuza mbegu na mjumbe mwenzake, ndiyo ingeamua.

"Huu je?" akamuuliza. Mechi ilikuwa inaendelea chini yao.

"Kama hospitali."

"Hospitali! Tazama kivuli hiki. Vyoo vya wanawake vina milango, Verlin. Milango!"

"Ule wa kwanza kama duka la magari. Wa pili kama gereza lenye maua. Huu, hospitali."

Marlys alitamani kumziba mdomo kwa soseji yake, mkate, haradali na vyote. Alikuwa amelea wavulana wanne. Mtu anayezunguka jambo alimjua. "Sema unachotaka."

"Uelekee magharibi, kama wetu."

Haya sasa! Uwanja wao wa mbao ulijengwa na mtu asiyefikiria jua. Kila jioni lilimpiga mpigaji, yule mwenye gongo, machoni asiuone mpira, na mwamuzi akasimamisha mechi hadi lizame. Mwaka jana mpira ulimvunja kijana taya kabla mwamuzi hajainua mkono. Ligi ikasema basi.

"Yule kijana alikunywa supu kwa mrija kiangazi kizima!"

"Najua. Lakini mumeo Curt alikuchumbia wapi?"

"Pale pale, tukisubiri jua. Tulikuwa na nini kingine cha kufanya?"

"Si ndicho ninachosema, mama! Kusubiri kule ndiko kulikotukutanisha."

Marlys akageukia pembeni asije akamtukana. Ndipo alipogundua kuwa tangu waketi hajasema neno na mwanamke wa kiti cha jirani. Akamsalimu.

"Samahani, inamisha kichwa kidogo," akajibiwa. "Unaziba skrini."

Skrini kubwa ya uwanjani ikaamuru makofi. Watu wakapiga.

"Mungu wangu," Marlys akanong'ona.

Mechi ikasimama kidogo. Wafanyakazi wakaingia na reki kusawazisha udongo, mbio mbio, kama wanaofukuzwa na nyuki. Marlys akawatazama hadi wakatoka.

"Nisikilize, na usinikatize. Mpigaji atatazama mashariki, kama ligi inavyotaka. Sitaki taya la mtoto wa mtu livunjike tena. Lakini jua likianza kuzama, sisi tunapiga reki."

"Reki ni dakika tatu, Marlys."

"Nani kasema? Wapiga reki wetu ni wajomba zako, na wote wana migongo mibovu. Watajitahidi wawezavyo."

Verlin akacheka mpaka akapaliwa. "Ligi watang'amua."

"Waje. Nitawaketisha karibu na shangazi yako Ardis awasimulie upasuaji wake. Sasa, kura yako?"

"Ndiyo."

"Sikusikii."

"Ndiyo, mama wee! Ndiyo!"

"Twende basi," akasema, akichukua mkoba. "Siwezi kukaa hapa dakika nyingine."