Sauti za Abdulkadiri

Nasreen alileta dukani kwangu Kariakoo kompyuta ya marehemu mumewe, Abdulkadiri. Ndani kulikuwa na sauti alizokuwa akimtumia kutoka zamu zake za bandarini. Simu yenye sauti hizo ilishaibiwa. Kompyuta ilikuwa nzito, akataka niiongezee RAM. Akaenda kuswali adhuhuri.

Nikaweka RAM mpya. Kompyuta ikagoma kuwaka, ikawa inalia tii, tii.

Mimi nina hasira za karibu. Nikachomoa diski, nikaipachika kwenye mashine nyingine, nikafuta kila kitu na kupiga Windows mpya, maana hapa mtaani kila ugonjwa wa kompyuta tunautibu hivyo. Nikairudisha. Tii, tii.

Ndipo nikaichomoa ile RAM, nikaisugua kwa ufutio, nikaikandamiza mpaka ikakaa sawasawa. Kompyuta ikawaka palepale. Tatizo lilikuwa hilo tu.

Nasreen akarudi, akaona mwanga, akavuta kiti.

"Ahsante, fundi. Niwekee ile anayoniamsha kula daku."

Nikashika mausi, nikajifanya natafuta.