Injini Inayoguna

Walimwita dada huyu Kipaza, na jina halikumwonea. Akisema gatini, kondoo wa kilima cha pili waliinua vichwa. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye visiwa vya kaskazini, kule ambako mti ni hadithi na jua la kiangazi hukataa katakata kwenda kulala. Kaka yake, Nahodha, ndiye aliyeendesha boti waliyoachiwa na baba yao. Mmoja mdomo, mwingine usukani, na mambo yalikwenda.

Sasa Nahodha alikuwa amekata shauri kuiuza boti. Asubuhi hiyo mnunuzi alikuja kuijaribu katika ziara ya wageni wa siku hiyo, bwana mmoja mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, akawa anagonga kila ubao kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Boti ikiuzwa, ziara imekwisha. Kipaza hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

"Injini inakufa, mdogo wangu," Nahodha alimnong'oneza, mnunuzi asisikie. "Tukitia nanga tu kisiwa cha mwisho, inaanza kuguna. Mafundi wameifungua hadi wamechoka. Bora tuiuze ingali inatembea."

"Inaguna saa ngapi? Mbona mimi sijawahi kuisikia?"

"Utaisikiaje, na wewe uko juu huko unapiga domo?"

Maneno yalimchoma, lakini yalimfungua macho. Kweli, kaka yake hakuwahi kukanyaga visiwa hivyo. Chini ya maji kule ni mwamba mtupu, nanga haishiki vizuri, kwa hiyo injini huachwa ikinguruma na nahodha habanduki usukanini. Nusu ya umri wake aliwapeleka watu kutazama maajabu, na yeye mwenyewe hakuona hata moja.

"Kaka, huyu bwana naye ni nahodha. Mwachie boti aijaribu anavyotaka, wewe ushuke na mimi. Ukishaona tunachokiuza, kama bado unataka kuuza, nitatia sahihi na sitanung'unika."

"Nikatazame mawe?"

"Ukatazame mawe. Yamekungoja tangu enzi za mababu wa mababu, hayatakuuma."

Mnunuzi alifurahi kuachiwa. Nahodha alishuka akiburuta miguu kama anapelekwa kung'olewa jino.

Kwenye kisiwa cha kwanza yalisimama mawe marefu katika duara, upepo ukipita katikati yake. Kipaza alieleza, wageni wakapiga picha, Nahodha akapiga miayo. Kisiwa cha pili kilikuwa na nyumba za kale zilizofukuliwa kutoka mchangani, vitanda vya mawe, jiko la mawe, na rafu ya mawe ikitazamana na mlango.

"Hapa mama mwenye nyumba aliweka vyombo vyake vizuri," Kipaza alisema, "mgeni akiingia avione kwanza, ajue kaingia kwa watu."

"Kama mama yetu na vile vikombe vyake," Nahodha alisema, na miayo ikaisha. Tangu hapo akawa anauliza maswali mengi kuliko wageni wote. Kipaza alijivuna waziwazi, maana alijua anaijua kazi yake.

Kisiwa cha mwisho kilikuwa na kaburi la kale, kilima cha nyasi chenye njia nyembamba ya mawe iliyotazama moja kwa moja pale boti ilipotia nanga. Waliingia kwa kutambaa. Ndani, Kipaza alizima tochi kama kawaida yake, akawaambia wote wafumbe midomo na kuguna pamoja, sauti nzito ya kifuani. Kuta zikaipokea ile sauti, zikaikuza, hadi mawe yenyewe yakawa yanatetemeka mgongoni.

Gizani mkono ulimkamata bega.

"Nyamazeni!" Nahodha alifoka. Kimya kikaingia. "Haya, guneni tena!"

Wakaguna tena.

"Mdogo wangu," alisema, "hii ndiyo injini yangu."

Kipaza hakuelewa, kisha akaelewa.

"Mafundi wote wale nimewatukana bure! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

Kipaza alicheka hadi akagonga kichwa kwenye jiwe.

Waliporudi botini, mnunuzi alikuwa amefunua injini na oili imempanda hadi viwikoni.

"Bwana, ulitaka kuniuzia mbuzi kwenye gunia? Injini inaguna! Imeguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili!"

Neno moja tu lingemtuliza, na biashara ingeendelea. Kipaza aliahidi kutonung'unika, basi kwa mara ya kwanza maishani mwake alifunga mdomo, akamtazama kaka yake.

Nahodha alivua kofia, akajikuna kichwa taratibu.

"Ni kweli, bwana, inaguna," alisema. "Na ugonjwa wenyewe hauna dawa. Mimi nimeshauzoea."

Akafunika injini, akashika usukani, akaigeuza boti kuelekea nyumbani. Mnunuzi alikaa nyuma akijifuta mikono na kulalamika peke yake. Walipokaribia gati, Nahodha alimwita dada yake kwa ishara ya kichwa.

"Kesho," alisema, bila kuondoa macho majini, "waambie wagune kwa nguvu. Nikiwa huku chini peke yangu, nataka nikusikie."