Mlango wa Sentimita Tisini

Mashine ya kuchanganya betoni, yaani zege, ilikuwa yetu hadi saa kumi tu. Jimbo lina mashine moja kwa majengo yote ya serikali, shule, zahanati na ofisi, na jioni ile lori lilikuwa linaipeleka Musumba. Nyumba yetu ya uzazi hapa Dilala ilibakiza kumwagiwa boriti za juu ya milango. Tungezikosa, mvua ingezikuta kuta wazi.

Saa saba mimi, msimamizi wa ujenzi, nikaamuru iwashwe. Hapo mama Honorine, mkunga wa zahanati ya zamani ng'ambo ya barabara, akaja kutazama. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuzalia, akanyoosha mikono kuupima upana, akaniita kwa heshima.

"Tata Kalumba, huu mulango ni ya nani?"

"Ya banamama yako."

"Banamama yangu banaingia na kitanda, tata. Habaruke dirisha."

Nikapima. Sentimita tisini. Tangu mwaka jana idara zote zinatumia mchoro mmoja wa milango, na mimi mwenyewe niliusifu, maana zamani kila idara ilikuwa na kipimo chake na mbao zilipotea bure. Kwa mchoro huo nilijenga shule sita. Hapa nilijenga ya saba, nikasahau kuwa si shule.

"Lete kitanda," nikasema.

Wanawake wanne wakakivusha barabara. Vyuma vya pembeni vikagonga matofali pande zote mbili. Kikakwama.

"Sukumeni!"

"Tusukume mpaka Angola?" Honorine akajibu.

Wakati huo akafika injinia Gaston, mkaguzi wa jimbo, na karatasi zake. Aliona kitanda, akanivuta kando.

"Panua huo mulango, tata. Mi sikuona kitu."

"Andika kwenye karatasi."

"Ya nini? Bomoa tu, saa iko inaenda."

"Dilolo nao banapandisha kuta ya nyumba ya uzazi kesho. Mchoro ni ule ule. Nikinyamaza, huku kitanda kitapita, kule kitakwama."

Gaston akatazama chini. "Nikiandika, bataniuliza nani alisaini mchoro ile itumike ku nyumba ya uzazi."

"Nani?"

"Mi." Akapangusa jasho. "Niko na batoto bane, tata. Unataka banifukuze?"

Nilikwenda kwenye mashine, nikaizima.

Bilonda, mwendeshaji wake, akaruka. "Tata, uko na wazimu? Betoni iko ndani! Ikikauka, mashine imekufa, na Musumba banatungojea!"

"Injinia anajua. Akiandika, itawashwa."

Jua la Oktoba lilikuwa limepiga bati la mashine hadi halishikiki. Wafanyakazi wote waliacha makoleo. Gaston alinijia karibu, pua kwa pua.

"Nitaandika kweli. Nitaandika Kalumba aliharibu mashine ya serikali."

"Andika. Na chini yake andika kwa nini."

Bilonda alichovya kidole kwenye betoni, akatikisa kichwa. Mimi nilihesabu kazi nitakazopewa jimboni baada ya hapo: hakuna. Honorine hakuondoa kitanda chake mlangoni. Aliweka mkono juu ya godoro, akasema polepole:

"Injinia, mwezi uliopita tulimubeba mama mu kitenge, sababu mulango ya zamani ni kadogo. Alitutoka mikononi, akaanguka. Nilimuzika mutoto wake mi mwenyewe. Mulinijengea hii nyumba sababu ya ile."

Gaston alitoa kalamu. Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kitanda, mistari mitano, kisha jina lake lote. Akanipa nisaini.

"Washa," akamwambia Bilonda.

Betoni ile tuliimwaga juu ya milango ya stoo, isiyopitisha kitanda. Mechack, kibarua wangu aliyewahi kuchimba shaba, akashika nondo na kuanza kuangusha matofali ya mlango wa uzazi, ili nao umwagiwe kabla ya saa kumi. Gaston alikuwa amejitenga kwenye kona, simu sikioni, akiwapigia wajenzi wa Dilolo.

"Simamisha milango yote ya uzazi," alisema. "Yote. Ndiyo. Mchoro ni yangu, mi ndiye nilikosea."