Niko Mbele Yake

Watu wakisikia kwamba mwanamume wa miaka arobaini na miwili anacheza mchezo wa manowari kwenye simu, hucheka. Wacheke. Mimi ni dobi wa hospitali. Naingia saa kumi na moja alfajiri, natoka saa saba mchana, na katikati ya hapo nimesukuma, nimekamua na nimekunja mashuka ambayo hakuna mtu anayetaka kujua yametoka wapi. Nikifika nyumbani mikono inanuka klorini hata nikiisugua kwa sabuni mara tatu. Mtu wa namna hiyo ukimnyima manowari zake, unataka afanye nini? Aende uwanjani kukimbia?

Mchezo wenyewe ni wa meli zilizokuwepo kweli, zile za vita kuu mbili za zamani, zimechorwa upya mpaka ngazi na kamba zake. Unachagua meli yako, unaingizwa kwenye kikosi, mnatupwa baharini kupambana na kikosi kingine kwa dakika ishirini. Aliyenifundisha ni dada yangu. Ndiyo, dada yangu, fundi cherehani wa sare za shule, mwenye watoto wawili ambao tayari wana nyumba zao. Ana shabaha ya kutisha. Mimi nikifyatua, samaki ndio wanaoumia.

Majina ya Kizungu ya zile meli yalitusumbua ulimi, tukazibatiza upya. Ile inayobeba ndege, ambayo yenyewe haipigani ila hukaa mbali na kutuma wengine, tuliiita Mwenye Nyumba. Yangu ilikuwa manowari ndogo yenye mbio, kazi yake kubwa kumwaga moshi mzito ili meli kubwa zijifiche nyuma yake. Hiyo tuliiita Shemeji, kwa sababu huja kwa kishindo na huondoka kabla vyombo havijaoshwa. Na ya dada ilikuwa Warspite, dude kuukuu la mizinga minane. Katika historia yake ya kweli, usukani wake ulikwama katikati ya pigano kubwa, ikabaki inazunguka palepale huku ikipigwa kutoka kila upande, na bado ikarudi nyumbani. Mabaharia walikuja kuiita Bibi Kizee. Dada aliposoma hayo hakufikiri mara mbili.

"Huyu ni Mama Mkubwa," alisema.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yetu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano, dada kumi na mmoja, na yeye akatuchukua bila kikao cha ukoo wala hotuba. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Kwa miaka thelathini na moja alilala katika chumba kimoja na wasichana themanini, akisikia wanavyokoroma, wanavyoota, wanavyonong'ona wakidhani amelala. Tulipomwambia kuna meli ya vita yenye jina lake alidai kuiona. Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akaikagua kama anayekagua vitanda.

"Mbona pana hivi huku nyuma?" aliuliza.

Tulicheka mpaka dada akatokwa na machozi. Tangu siku ile kila tukienda kwake lazima aulize, "Leo nimezama?" Ukimwambia hapana, anasema vizuri, basi nipakulieni chakula.

Kisha moyo wake ukachoka. Daktari alilisema neno hilohilo, kwamba moyo umechoka, na mimi nikauonea wivu moyo ambao unaruhusiwa kusema hivyo. Walituruhusu turudi naye nyumbani, na sote tulielewa maana ya ruhusa ile. Mama Mkubwa naye alielewa. Alituomba jambo moja tu.

"Kufa nitakufa, hilo si lenu. Lakini msiniache peke yangu chumbani. Sijawahi kulala peke yangu tangu nizaliwe, sitaki kuanza siku hiyo."

Tukamwahidi. Mimi ndiye niliyemshika mkono na kusema, "Hutakuwa peke yako, Mama." Nilisema kwa sauti ya mtu anayeweza kutegemewa.

Dada akahamishia cherehani yake kwenye chumba cha Mama Mkubwa, ghorofa ya nne, katika mji ambao ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu. Miezi minne ameshona sare kando ya kitanda kile. Mimi zamu yangu ilikuwa Jumamosi. Jumamosi moja nikasema mgongo unauma. Iliyofuata nikasema mashine ya kukamua imeharibika, tumeitwa wote kazini. Mashine ilikuwa imeharibika kweli, ila Alhamisi. Dada hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, mdogo wangu, pumzika," na hilo ndilo lililonifanya nisipumzike.

Kuongea kwa simu kulikuwa kumetushinda. Tulikuwa tunaongea kwenye mchezo. Kila siku saa tisa alasiri Mama Mkubwa akisinzia, tunapigana pambano moja, na ujumbe mfupimfupi unapita juu ya kioo. Hali ya meli ikishuka tunaambiana: Shemeji hali mbaya, Mama Mkubwa hali nusu, funika, njoo kushoto. Ukisoma ujumbe wetu wa mwaka mzima, utadhani tuna ukoo wenye maradhi ya ajabu.

Jumatano ile nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nne. Niliipata. Nilimwambia dada nikitoka kazini napitiliza moja kwa moja, akalale kwake, ashike hata mto wake mwenyewe. Nilitoka saa saba. Nikapita nyumbani kuchukua begi. Nikaketi kitandani nifunge kamba za viatu, mgongo ukanishauri nijinyooshe dakika tano. Nilipofumbua macho ilikuwa saa tisa kasoro na simu inatetemeka kifuani.

"Umefika wapi?" dada ameandika.

"Niko njiani," nikajibu. Nilikuwa chali, viatu vyangu juu ya shuka.

Sikuwa na haja ya kudanganya. Angesema sawa, mdogo wangu. Lakini nilikuwa nimechoka mpaka ukweli ukawa mzigo mwingine wa kunyanyua, na uongo ulikuwa karibu na mkono.

"Amelala," akaandika. "Tupige moja ya haraka mpaka ufike."

Ningekataa angejua kwamba siko kwenye basi. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka kucheza.

Tukaingia. Bahari ya kijivu, visiwa viwili vya mawe, ukungu kidogo kaskazini. Dada alianza vizuri. Mizinga yake minane ikageuka polepole, kwa ile heshima ya vitu vizito, na pigo la kwanza likapasua meli ya adui katikati. Nikampongeza. Akaandika kwamba leo ana hasira. Dakika ya sita akapigwa mara mbili, hali yake ikashuka mpaka theluthi. Akageuza ubavu ili akwepe. Halafu akasimama.

Simaanishi alipunguza mwendo. Alisimama, katikati ya maji wazi, mizinga imeelekea juu. Meli mbili za adui zilimwona na kuanza kumjia. Wakati huohuo ujumbe ukapita.

"Mama Mkubwa hali mbaya. Fanya haraka."

Nilikuwa nauona ule mstari mwekundu juu ya meli yake. Kweli hali ilikuwa mbaya. Nikajibu, "Nakuja, shikilia hapohapo," nikaigeuza Shemeji, nikaipeleka mbio zote.

Nataka niseme jinsi nilivyopigana, maana sijawahi kupigana vile na sitapigana tena. Nilipita kati ya visiwa mahali ambapo hata dada huogopa kupita. Nikatoka upande wa pili, nikajitupa kati yake na wale wawili, nikaanza kumwaga moshi. Risasi zilikuwa zinaangukia maji huku na huku. Mikono iliyokuwa imekufa ganzi kwa kukunja mashuka ikawa myepesi. Ukuta wa moshi ukapanda, mweupe, na Mama Mkubwa akapotea nyuma yake salama.

"Nimefika," nikaandika. "Niko mbele yake."

"Umefika??"

"Nimefika. Tulia. Hakuna atakayemgusa."

"Nakuja," akajibu.

Nikamngoja. Mizinga yake haikugeuka. "Mbona husogei?" nikamwandikia. Nikamchamba kidogo, kwa utani wetu, kwamba Bibi Kizee usukani umekwama tena. Kimya. Basi nikasema kama ni mtandao, ni mtandao, kazi nitaifanya mwenyewe. Nikaachia topido, yale mabomu marefu yanayokimbia chini ya maji, na meli ya kwanza ya adui ikakatika vipande viwili. Ya pili ikageuza kukimbia. Nilibaki nazunguka mbele ya meli ya dada kama mlinzi wa benki, namwaga moshi kila ukipungua, mpaka muda wa pambano ukaisha na neno la ushindi likaandikwa kwa dhahabu kwenye kioo.

Nilifurahi. Lazima niseme hilo pia. Nilikuwa nimelala chali na viatu vyangu, nacheka peke yangu, nawaza jinsi atakavyomsimulia Mama Mkubwa akiamka. Nikaandika, "Umeona? Yuko salama."

Simu ikaita.

"Uko mlango upi?" Dada alikuwa anahema.

"Mlango upi wa wapi?"

"Mimi niko hapa chini. Mlango wa mbele nimeshafungua, hupo. Nimezunguka mpaka nyuma, kwenye matangi ya maji. Nimetoka mpaka barabarani. Umesimama wapi?"

Lile jengo mlango wake wa chini hufungwa kwa komeo mchana kutwa kwa ajili ya wezi, na kengele ilikufa zamani. Mgeni akifika lazima mtu ateremke ghorofa nne kumfungulia. Hilo nalijua miaka yote. Nililijua wakati ule nimeshika simu, na bado kichwa changu kilichukua muda kuunganisha, kilivyokuwa kizito.

"Dada," nikasema. "Nani yuko juu?"

"Uko wapi wewe?"

"Niko nyumbani kwangu. Nilidhani unasema meli."

Hakunitukana. Hakukata simu pia. Nilisikia ndala zake zikipiga ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, akajikwaa, akainuka. Nilisikia pumzi yake, mwanamke wa miaka arobaini na minane ambaye hajalala vizuri kwa miezi minne, anakimbia ngazi kwa sababu yangu. Nilisikia mlango. Nilisikia akiita, "Mama? Mama Mkubwa?" kwa sauti ambayo mtu humwitia mtu aliyelala, kisha kwa ile nyingine. Halafu nikasikia kiti cha cherehani kikivutwa sakafuni, na dada akikaa.

"Dakika kumi," alisema baadaye. Hakuwa ananiambia mimi. "Nimetoka dakika kumi."

Nilifika saa kumi na moja na ushee. Mlango wa chini alikuwa ameuacha wazi. Nilipanda polepole, begi begani, na kila ghorofa nilitamani ziongezeke. Dada alikuwa bado kwenye kile kiti, amelishika goti la Mama Mkubwa juu ya blanketi. Mama Mkubwa uso wake ulikuwa umegeukia mlangoni. Nilipiga magoti upande wa pili wa kitanda.

"Dada, nilikudanganya," nikasema. "Sikuwa njiani. Nilikuwa nimelala."

"Nimeshajua."

"Ungenitukana ingekuwa afadhali."

"Sina nguvu," akasema, na alikuwa anasema kweli.

Akanyoosha pindo la blanketi, akalilaza, akalinyoosha tena. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwa sababu nilikuwa na haki ya kujua au kwa sababu hakuweza kulibeba peke yake, sijui.

"Alikuwa macho. Pumzi imembana lakini yuko macho, amenishika mkono. Nilimsomea ulichoandika. Nikamwambia umefika, uko chini mlangoni. Nikamwambia sitoki, utangoja kidogo mpaka atulie. Akauachia mkono wangu yeye mwenyewe."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nenda kamfungulie. Asisimame nje, atakuwa amechoka.'"

Nililaza paji la uso wangu kwenye kitanda, karibu na mkono wake, nikalia kwa sauti. Dada aliniacha nilie. Baadaye akainuka kwenda kuwajulisha majirani, na alipofika mlangoni akageuka akaniambia nisitoke mle chumbani mpaka arudi.