Muuaji Asiye na Mama

Seri ile ilikuwa mbaya, na nitasema hivyo hata mbele ya Mungu. Vipindi kumi na viwili vya kutafuta nani ameua watu watatu kwenye hoteli ya theluji huko Ulaya, na kufika kipindi cha nane wanatutolea muuaji: mpishi! Aliua kwa nini? Hawasemi. Ametoka wapi? Hawasemi. Kipindi cha pili alikuwa na kidonda mkono wa kushoto, cha tano kidonda kimehamia mkono wa kulia, na komiseri wa polisi na macho yake mawili haoni kitu. Nilitaka kurusha kiatu kwenye televizyo ya Djafari.

Lakini kazi yangu si kurusha viatu. Mimi ni Madame Olga. Nilifundisha Kifaransa hapa Kasongo miaka ishirini na sita, na tangu niache shule ninakaa pembeni ya televizyo kwenye sinema ya Djafari, kila Jumamosi saa tisa ya mchana, kipaza sauti mkononi, ninawageuzia watu maneno ya wazungu kuwa Kiswahili.

"Mama yake nani?" akapaza Rehema, muuza mikate, anayekaa mbele siku zote na beseni lake magotini. "Mutu haui bure! Kwao ni wapi? Hata mbuzi iko na kwao!"

Sinema nzima ikaitikia, na hawakukosea. Kwetu ukifika mahali unajitaja: mimi fulani, wa baba fulani, mjukuu wa fulani, tumbo la mama fulani. Asiyejitaja hivyo, watu wanafungia kuku wao. Kwa hiyo seri ikiacha tundu, mimi ninaziba. Komiseri nilimpa mke wa kwanza aliyekufa kwa uzazi. Mwenye hoteli nilimpa ugomvi wa shamba na mjomba wake. Djafari alizipenda nyongeza zangu hata akawa ananasa sauti yangu kwenye simu na kuwawekea waendesha pikipiki, nao wanaisikiliza njiani mpaka Kabambare, mpaka Salamabila kwenye dhahabu.

Ila siku ile nilikuwa nimechoka, na hasira imenijaa. "Mpishi hana mama," nikasema. "Hana kwao. Ndiyo maana anaua." Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wanavyosema wakubwa.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya sinema, alikuwa akitengeneza baiskeli kijana mmoja anaitwa Clovis. Miaka miwili yuko Kasongo na hakuna mtu aliyewahi kuja kumsalimia. Watu walipotoka kwenye video, macho yao yakamwangukia yeye. Kufika Jumatano hakuna aliyempelekea baiskeli. Alhamisi walitupa mawe juu ya bati lake. Ijumaa akaja kwangu, kofia mkononi.

"Madame, unisaidie. Watu wananiita mupishi."

"Jitaje, basi!" nikamwambia. "Ni kazi gani hiyo?"

"Nilijitaja. Ni mutu wa Wamaza, wazazi walikufa."

"Hadithi yako ina tundu kuliko seri. Mtu wa Wamaza akifiwa na wazazi ana wajomba, ana shangazi, ana mbwa wa jirani. Wote walikufa?"

Nilimbana kama mwanafunzi aliyenakili mtihani. Mwisho akakaa chini, akasema yote kwa sauti ya chini mpaka ilibidi nisogeze kiti.

Mama yake alikuwa hai Wamaza, jina lake Véronique. Clovis alichimba dhahabu upande wa Salamabila, kwenye shimo la tajiri mmoja ambaye wachimbaji wanamwita PDG, yaani bosi mkubwa. PDG alishuku kwamba wanamficha dhahabu. Siku moja, watano wakiwa chini, akaamuru shimo lifukiwe. Clovis alitambaa siku mbili kwenye njia ya zamani ya chini kwa chini, akatokea porini. Wenzake wanne wamebaki kule mpaka leo. Alifika kwa mama yake kwa kujificha. Mama akampa mihogo, akamwambia kimbia. Kesho yake, Clovis akiwa bado amejificha porini jirani, mama akafanya kama tunavyofanya mtu asipopatikana mwili: alikata shina la mgomba, akalivika shati la buluu la mwanawe, akalizungushia sanda, akalizika. Watu wa PDG walikuja na sukari kutoa pole, naye akalia mbele yao siku tatu.

"PDG anaamini niko maiti," Clovis akasema. "Siku atajua niko muzima, hataanza na mimi. Ataanza na mama. Uniapie, Madame."

Nikaapa kwa jina la marehemu mume wangu.

Usiku nililala nikimwonea huruma, hiyo ni kweli. Lakini nitasema na kweli ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo inayoniuma: nililala nikiifikiria hadithi yenyewe. Haikuwa na tundu hata moja. Mwalimu anaijua insha nzuri akiiona. Nikajiambia, nikibadilisha majina, nikisema almasi mahali pa dhahabu, nani atajua? Watu watamhurumia mpishi, na wakimhurumia mpishi watamwacha Clovis.

Jumamosi, kipindi cha tisa, mpishi anamenya karoti bila neno. Nikashika kipaza sauti.

"Huyu mnayemwona," nikasema, "aliwahi kufukiwa akiwa hai."

Wa nyuma wakasogeza viti mbele. Nikawasimulia shimo, njia ya chini kwa chini, siku mbili za giza. Rehema aliuliza tena kwa sauti ya kilio, "Na mama yake?" Nikawapa mama: mjane aliyezika shina la mgomba lililovaa shati la buluu la mtoto wake, akawalilia wauaji siku tatu machoni mwao. Shati lile sikuweza kuliacha. Jamani, lilikuwa zuri mno. Watu walilia mpaka komiseri alimkamata mtu mwingine na hakuna aliyejali.

Jumapili baiskeli sita zilikuwa zinamngoja Clovis. Rehema mwenyewe alimpelekea mikate ya moto. Nikavuka barabara, kifua mbele, nikisubiri aksanti yangu.

"Umewaambia nini?" akaniuliza.

"Usiogope. Nimebadilisha majina yote."

"Na shati?"

Nikageuza macho kwenye zile baiskeli sita. Akaiweka spana chini, akakaa kwenye vumbi.

Nilikimbia kwa Djafari kwa miguu hii yenye baridi yabisi. "Yale ya jana, futa!" Akacheka, mjinga yule. "Madame, pikipiki saba zimeishaondoka nayo. Ni nzuri kupita zote!" Nilimtukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mtoto wa mtu, na hayakusaidia kitu.

Siku ya kumi, mwanamke mmoja aliyetoka Wamaza aliisema sokoni kama habari ya kawaida tu. Wanaume walifika, wakafukua kaburi la kijana fulani, wakakuta mgomba uliooza, umevaa shati la buluu. Kesho yake mama wa kijana akakutwa shambani kwake, kwenye mihogo, amekufa.

Clovis alikuja kwangu kabla sijapata nguvu ya kwenda kwake. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Siwezi kwenda kumulilia," akasema. "Kule mimi ni maiti. Nenda wewe, Madame, ulie mahali pangu. Nitakungoja hapa kwako mpaka urudi unielezee namna walimuzika."

Ningekataa kwa uso gani? Nilipanda pikipiki, nikafika Wamaza mgongo umevunjika, nikakaa kwenye mkeka na wanawake, nikalia. Sikuigiza. Nilimlilia Mama Véronique ambaye sikuwahi kumwona, na nilijililia mimi.

Mwanaume mmoja mwenye buti safi alikuwa akigawa maji kwa wafiwa, kikombe kwa kikombe. Alipofika kwangu akachuchumaa.

"Pole, mama. Wewe ni nani wa marehemu?"

Jibu nilikuwa nimelitayarisha njia nzima. Nikasema tuliimba pamoja kwaya zamani, kanisani, akiwa angali msichana. Nikataja mwaka, nikataja sauti aliyokuwa akiimba, nikataja na dada aliyetufundisha. Nilisema vizuri, bila tundu.

Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha kidogo, anatabasamu.

"Sauti hii," akasema, "kule kwetu kwenye dhahabu tunaisikia kila siku kwenye simu. Tunaipenda sana." Akanijazia kikombe mpaka juu. "Njia ni mbaya, mama, na wewe ni mtu mzima. Tutakurudisha sisi wenyewe mpaka mlangoni. Kasongo unakaa wapi?"

Wanawake wakamshukuru kwa wema wake. Mmoja wao, aliyenijua tangu shule, akamjibu kabla yangu.