Nafasi ya Mchoro

Ijumaa ile Mwalimu Redempta aliandika "Mwako" ubaoni, akawaambia Darasa la Tano wanakili kichwa cha somo na kuacha nusu ukurasa kwa ajili ya mchoro. Mshumaa alikuwa nao mkobani. Glasi pia. Lakini fundi alikuwa anamsubiri Majengo ajaribu gauni la sare ya sherehe ya Kindness, binti wa dada yake, na ukimchelewesha fundi atakushonea gunia.

"Jaribio tutalifanya Jumatatu," akasema, akachukua mkoba wake.

Shani alimkimbilia hadi mlangoni. Mtoto yule hakuwahi kuishiwa maswali.

"Mwalimu, kwa nini moto ukifunikwa unakufa?"

"Jumatatu, Shani. Subira huvuta heri."

Subira haikuvuta heri yoyote. Julai hiyo baridi ilishuka kutoka mlimani ikapiga kambi mjini. Jumamosi mama yake Shani alikuwa Holili kwenye biashara yake ya vitunguu, na Shani akabaki na bibi yake katika chumba chao cha kupanga. Bibi alilalamika kuwa baridi inamuuma miguu. Jirani alimwona mtoto uani akipepea jiko la mkaa, kisha akiliingiza ndani. Dirisha likafungwa, na upenyo wa chini ya mlango ukazibwa kwa kanga. Jumapili asubuhi majirani walivunja mlango wakawakuta wote wawili wamekufa.

Msibani watu walisema ajali haina kinga. Redempta aliitikia pamoja nao huku moyo ukimsuta. Ajali hii kinga ilikuwa nayo, tena aliiandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye andalio la somo la Ijumaa.

Matanga yalipoanuliwa, mama Shani alikuja shuleni kuchukua madaftari ya mwanawe. Redempta alimkuta amekaa kwenye dawati la Shani, darasa likiwa tupu, daftari la sayansi mapajani.

"Huyu alitufundisha sote nyumbani," mama akasema. "Ulipomfundisha habari za vijidudu, mama yangu hakunywa tena maji yasiyochemshwa. Shani alimsimamia kama askari." Akafika ukurasa wa mwisho. "Na hapa, mwalimu? Mbona hamkuandika kitu?"

Kichwa cha somo kilikuwa kimepigiwa mstari kwa rula. Chini yake Shani alichora kisanduku cha mchoro, kitupu.

Redempta angeweza kusema kengele iligongwa mapema. Uongo huo ulimjia hadi ncha ya ulimi.

"Nilikwenda kujaribu gauni," akasema, machozi yakimtoka. "Hapo ningewafundisha kwamba moto unakula hewa, na kwamba jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa sumu isiyo na harufu. Nikasema Jumatatu. Nisamehe, mama Shani."

Mama Shani hakusema amesamehe. Aliliweka daftari juu ya dawati, wazi kwenye kisanduku kile.

"Haya, nifundishe mimi."

Redempta akatoa mshumaa ule ule, akauwasha, akaufunika kwa glasi. Mwali ukasimama wima, ukanywea, ukabaki nukta ya buluu. Ghafla mama Shani akanyoosha mkono, akaiondoa glasi. Mwali ukainuka tena.

Akautazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ilikuwa kufungua tu," akasema.