Mcheri Mmoja Hauzai

Vasilka aliketi barazani, beseni la cheri mapajani, akizitoa kokwa kwa pini ya nywele kama wafanyavyo wanawake wote wa Kyustendil, kule Bulgaria, wakati wa kupika jamu. Cheri ya nne ikatoa jino. Ya tano nayo jino. Akayatia bakulini pamoja na kokwa, akafunika kitambaa kwa sababu ya nzi.

Mwaka ule mcheri wa uani kwao haukupaswa kuzaa. Mcheri mtamu hauzai peke yake, hutaka mwenzake karibu, na mwenzake ulikuwa wa jirani, Stamen, ng'ambo ya ua. Rangel, mume wa Vasilka, aliukata msimu wa majani kupukutika. Eti unazitilia kivuli nyanya zake. Wiki ileile Stamen akatoweka.

"Kaenda Ujerumani," Rangel alisema. Tangu hapo akawa anaumwagilia mcheri wake mwenyewe, yeye ambaye hata kikombe cha chai hajitilii. Kikulacho ki nguoni mwako, na Vasilka alilala nacho kitanda kimoja.

Polisi wa kijiji alipita, akala sahani nzima ya cheri, akitema meno pembeni kwa adabu.

"Tamu kwelikweli. Ila za mwaka huu zina meno."

"Mvua hiyo," Rangel akamjibu.

"Haya, mvua." Akaondoka na ndoo tele.

Jioni akaja Nevena, mke wa Stamen. Alichambua lile bakuli taratibu mpaka akapata jino la dhahabu.

"Hili la mume wangu. Lile la kwanza alilivunja kwa kokwa ya cheri, mjinga yule." Akalifunga kwenye pembe ya kilemba chake. "Shoga, yakitoka mengine niwekee."

"Nitakuwekea, dada."

Rangel alikuwa amesimama mlangoni.

"Umempa nini?"

"Jino la mumewe."

"Siku hizi una mkono mwepesi wa kutoa, mke wangu."

Majani yalipoanza kupukutika tena, Rangel akashika sepetu akachimba shimo kando ya mti. Shimo la mche halizidi magoti. Hili lilimfika kifuani, tena lilikuwa refu kuliko pana, na mche wenyewe hakuununua. Vasilka alimletea maji.

"Mcheri mmoja hauzai," Rangel alisema, akijifuta jasho. "Hebu simama hapo ukingoni, nipime."

Vasilka akakiweka kikombe chini, akasimama. Juu yao mcheri, katikati ya majani yanayopukutika, ulikuwa umekwishaanza kuchanua.